Fort Jesus: wasafiri waliiona kutoka baharini, babu aliisikia kutoka ndani

Babu yangu, baba yake mama, alikaa ndani ya Fort Jesus miezi mitatu, na mpaka anafariki hakuwahi kuniambia ile ngome ikoje. Nilikuwa namuuliza sana utotoni, si unajua mtoto, nyumba yetu ilikuwa Mji wa Kale hatua chache tu kutoka pale, na kila tukienda Mapembeni kuogelea tunapita chini ya zile kuta, kwa hiyo kumjua mtu aliyelala mle ndani kwangu ilikuwa kama kumjua mtu aliyelala ikulu. Jibu lake lilikuwa lile lile kila siku. "Nilikuwa nasikia maji. Nayasikia yanapiga pale chini, usiku ndio zaidi, lakini siyaoni." Basi. Akishasema hivyo anarudi kwenye tasbihi yake na wewe ujue mazungumzo yamekwisha.

Alifungwa kwa ajili ya kodi, mwanzoni mwa miaka ya 50. Ngome wakati huo ilikuwa jela, na ilikuwa jela tangu 1895 Waingereza walipoishika pwani hii mpaka 1958. Miaka 63. Watu wengi wanaokuja kupiga picha pale getini hawalijui hilo, au wanalijua kama sentensi moja kwenye kibao, lakini kwa wazee wetu ile haikuwa historia ya Wareno hata kidogo, ilikuwa ni mahali ambapo fulani alipelekwa na mama yake akawa anakuja kukaa nje.

Kauli ya babu nimekuja kuielewa ukubwani, na walionisaidia ni wageni, yaani wale mabaharia na mapadri na makapteni waliopita Mombasa kuanzia mwisho wa karne ya 15 wakaandika walichokiona. Nimewasoma miaka kadhaa sasa, kwa tafsiri, usiku usiku baada ya kazi, na kitu kimoja kinajirudia: karibu wote wanaielezea ngome kutoka majini. Wanakuambia imekaa vipi ukiingia bandarini, ina mizinga mingapi, mlango wa bahari unalindwaje. Babu yeye alikuwa na upande mwingine, wa mtu ambaye bahari ipo nyuma ya ukuta.

Nianze na jambo lililonishtua kuliko yote. Vasco da Gama alifika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498, na mmoja wa watu wake, ambaye jina lake halikuandikwa, aliweka kumbukumbu za safari. Anasema Mombasa ni mji mkubwa uliokaa kwenye mwinuko unaopigwa na bahari, vyombo vingi vinaingia kila siku, na kwenye mlango wa bandari kuna nguzo, na ukingoni mwa maji kuna ngome ya chini chini. Rudia hapo. Ngome. Mwaka 1498, miaka 95 kabla Mreno hajaweka jiwe la kwanza la Fort Jesus. Mimi shuleni nilifundishwa, na nadhani wewe pia, kwamba hadithi ya ngome Mombasa inaanza na Mreno, kumbe Mreno mwenyewe siku ya kwanza kabisa anakuja anaikuta ngome ya wenyeji imeshakaa pale inamwangalia, na anaiandika bila kuona ajabu yoyote, kama mtu anavyoandika kwamba kuna mti. Wenyeji wakamletea kondoo, na machungwa na ndimu na miwa. Halafu urafiki ukaharibika, na usiku kuna watu waliogelea kimya kimya mpaka kwenye meli kukata kamba za nanga, walinzi kwanza wakadhani ni samaki, wakadhani ni jodari wanacheza. Hiyo picha ya vijana wa Mvita, yaani Mombasa kwa jina lake la zamani, ndani ya maji ya usiku wakiwa na visu, nikipita Mapembeni naiwaza sana.

Miaka 7 baadaye, Agosti 1505, akaja Mreno mwingine, Francisco de Almeida, na huyo hakuja kuomba machungwa. Kwenye msafara wake alikuwepo Mjerumani mmoja, Hans Mayr, ambaye maelezo yake ni hazina ingawa yanauma kuyasoma. Meli zilipokaribia, zile boma za wenyeji zilifyatua mizinga, na mizinga yenyewe ilikuwa ya Wareno, wenyeji waliiopoa kutoka kwenye meli yao iliyozama upande wa Malindi miaka michache nyuma. Nafikiria kazi ya kupiga mbizi na kuvuta chuma kile kutoka chini ya bahari, halafu kujifunza kukitumia, halafu kukielekeza kwa wenyewe. Wareno wakajibu kwa moto mkali, baruti iliyokuwa ndani ya boma ikashika, ikawaka, na ulinzi wa mji kwa upande wa bahari ukaishia hapo.

Halafu Mayr anaingia mjini na kwa aya chache anasahau vita na anaanza kuangalia kama mtu anayeangalia. Nyumba za mawe, nyingine ghorofa tatu, zimepakwa chokaa. Mitaa myembamba kiasi kwamba watu wawili hawawezi kwenda sambamba, na mbele ya kila nyumba kuna viti vya mawe vinavyozidi kuubana mtaa. Hizo si baraza? Hizo ni baraza! Mwaka 1505! Mimi nimekulia kwenye baraza, nimejifunza kucheza bao kwenye baraza, nikimsoma Mjerumani huyu nikajisikia kama ameingia mtaani kwetu na buti zake. Na aliingia kweli, kwa sababu mji ulichomwa na kuporwa, na baadaye mfalme wa Mombasa akamwandikia mfalme wa Malindi barua ambayo Mayr ameihifadhi, akimwambia kwamba aliyepita hapa hakumwacha mwanamume wala mwanamke, mzee wala mtoto mchanga, na kwamba harufu ya maiti mjini ni kali kiasi kwamba yeye mwenyewe hathubutu kuingia. Barua hiyo mimi naisoma polepole kila mara. Kwenye maandishi yote ya wasafiri ni moja ya sehemu chache sana ambazo anayesema ni mtu wa Mombasa mwenyewe.

Mji ulijengwa upya. Mreno Duarte Barbosa anaandika karibu 1517 anausifia kama vile hakijatokea kitu, nyumba ndefu za mawe zimejipanga vizuri kwenye mitaa, bandari yenye vyombo vidogo na vikubwa, wanawake wamevaa hariri na dhahabu. Ukachomwa tena 1528, ukajengwa tena. Hii ndiyo Mvita, na mwenye kulijua hilo jina lina maana gani hahitaji kuelezwa.

Fort Jesus yenyewe ilitokana na hofu. Mwaka 1585, na tena 1588, alishuka kutoka Bahari ya Shamu jemadari wa Kituruki, Mir Ali Bey, na miji ya pwani ikampokea kwa furaha, Mombasa ikiwa mstari wa mbele, kwa sababu ilishachoka. Wareno wakamkamata 1589, wakati huo huo Wazimba, wapiganaji kutoka bara, wamefika ng'ambo ya mkondo. Padri João dos Santos, kitabu chake kilitoka 1609, anawaelezea Wazimba kama walaji watu wanaomeza kila kilicho mbele yao, na mimi nakiri maelezo hayo nayasoma kwa tahadhari kubwa, maana mtu anayetaka kuhalalisha walichokifanya watu wake kwenye mji huo huo wiki hiyo hiyo ana sababu nzuri ya kumwona mwingine mnyama. Kilichofuata ndicho cha uhakika. Tarehe 11 Aprili 1593 ujenzi ukaanza, kwa amri ya mfalme Philip wa Pili wa Hispania ambaye wakati huo alikuwa ameishika na Ureno. Mafundi wa mawe walitoka India, vibarua walitoka Malindi, na mfalme wa Malindi akahamishiwa Mombasa kuwa mtawala. Yaani Mombasa ilijengewa ngome na jirani yake.

Mchoraji alikuwa Mtaliano kutoka Milano, Giovanni Battista Cairati, na hii ilikuwa kazi yake kubwa ya mwisho. Hapa kuna jambo utaambiwa na kila mtembeza wageni pale: ukiiangalia kutoka juu, ngome ina umbo la mtu amelala chali, kichwa kimeelekea baharini, mikono na miguu ndiyo yale maburuji manne, San Felipe, San Alberto, San Matias na San Mateo. Ni kweli, wasanii wa Italia wa zama zile waliamini vipimo kamili vya jengo vinatokana na mwili wa binadamu. Lakini fikiria. Nani mwaka 1596 aliweza kuiona kutoka juu? Hakuna. Huyo mtu aliyelala alionekana kwenye karatasi tu. Manuel Godinho de Erédia alichora ramani yake karibu 1610, António Bocarro akaielezea 1635 kwenye kitabu kikubwa cha ngome zote za Wareno, chenye michoro ya Pedro Barreto de Resende, na hao waliokuwa wanafunua kurasa kule Goa, makao ya Wareno India, na Lisbon ndio walioweza kuuona mwili. Aliyeishi Mombasa aliona ukuta. Na kibarua kutoka Malindi aliyekuwa anachonga jiwe la matumbawe juani aliona jiwe moja, halafu jingine.

Mwaka juzi nilimwomba mjomba wangu, yeye ni mvuvi, anitoe na mtumbwi asubuhi mapema maji yakiwa yamejaa ili niione kama walivyoiona wao. Nimeishi miaka yote ile Mombasa na sikuwahi kufanya hivyo, na nakuambia ni ngome nyingine kabisa. Ukiwa barabarani unaona ukuta mnene wa rangi ya udongo, na watalii na wauza madafu. Ukiwa majini unaona kwamba haikujengwa juu ya mwamba, imetokana na mwamba, huwezi kusema mwamba umeishia wapi na ukuta umeanzia wapi, mafundi walilikata lile jabali la matumbawe wakaendelea nalo kwenda juu. Mlango wa bahari pale ni mwembamba, upande wa pili unaona English Point karibu karibu, na merikebu ya tanga inayoingia Bandari ya Kale haina njia nyingine, lazima ipite chini ya pua ya ngome, taratibu, ikitegemea upepo na maji kujaa. Nikaelewa kwa nini kila msafiri anaanza kwa kuhesabu mizinga. Ukiwa pale majini unahisi unatazamwa. Mjomba akaacha kupiga kasia tukaelea kidogo, akasema, "Samaki hapa chini wapo, lakini wazee walikuwa hawapendi kutega hapa." Nikamuuliza kwa nini. Akasema meli zimelala.

Meli zimelala kweli, na hapo ndipo nilipotaka kufika. Lakini kabla ya hapo kuna jiwe la mlangoni, siwezi kuliruka.

Juu ya lango kuna maandishi ya Kireno yaliyochongwa mwaka 1639, na wageni wa Kiingereza waliokuja karne ya 19 waliyanakili kwa hamu. Yanamhusu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Anajisifu, yaani anajisifu haswa: kwamba aliijenga ngome upya, kwamba aliwarudisha watu wa pwani chini ya mfalme wake, kwamba wafalme wa Manda na Luziwa na kwingineko aliwatoza kodi, kwamba Pate na Siyu aliziadhibu yeye mwenyewe kwa adhabu isiyowahi kuonekana, akabomoa kuta zao mpaka chini. Kijana wa miaka 27! Nimesimama chini ya lile jiwe mara nyingi nikiwaza mtu wa Siyu aliyekuja Mombasa na biashara zake akapita chini ya maneno hayo bila kujua yanasema nini kuhusu ukuta wa kwao.

Na kwa nini ngome ilihitaji kujengwa upya? Jiwe linasema tu kulikuwa na uasi chini ya "mfalme dhalimu". Huyo dhalimu ni Yusuf bin Hassan. Baba yake, Sultan Hassan, aliuawa Rabai mwaka 1614 kwa njama ya Wareno na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mtoto akachukuliwa naye huko huko Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa Mombasa kuwa mfalme wa kutii. Inasemekana alionekana akizuru kaburi la baba yake na kumwombea kwa dini ya baba yake, na kapteni akapata habari. Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Bikira Maria, Yusuf akaingia ngomeni na watu wake kama mgeni wa heshima na akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa kwa mkono wake. Wareno wa mjini wakauawa, wanaume na wanawake na watoto, na hilo nalo lisifichwe, lilikuwa la kutisha. Mwaka 1632 wakaja kutoka Goa kumng'oa wakashindwa, kisha yeye mwenyewe akaibomoa kadri alivyoweza, akapanda meli akaondoka. Mengi tunayoyajua kuhusu siku zile yametoka kwa ushahidi wa kiapo uliochukuliwa kule Goa kutafuta mashahidi wa imani. Mapadri waliuliza nani alikufaje. Yusuf hakuulizwa na mtu.

Sasa meli. Tarehe 13 Machi 1696 Waomani walifika na kuizingira ngome, na mzingiro ule ulidumu miezi 33. Mimi nikisoma habari za mzingiro huu sipati usingizi. Askari wa Kireno walioanza hawakuzidi kama 70, na pamoja nao mamia ya Waswahili walioingia ndani na familia zao. Msaada ulikuja kwa meli kutoka Goa, na msaada ukaleta na tauni. Wakafa mmoja mmoja. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 kapteni naye akafa, Wareno wamekwisha, na ngome ya mfalme wa Ureno ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8 na wanawake 50.

Wanawake hamsini. Hakuna aliyeandika majina yao. Na walishikilia! Mpaka katikati ya Septemba meli nyingine zilipofika. Nimewahi kusoma kurasa na kurasa kuhusu unene wa kuta na pembe za maburuji, jinsi Cairati alivyokuwa bingwa, na sawa, alikuwa bingwa, lakini kuna wiki kadhaa ambazo ukuta ule ulisimama kwa sababu ya wanawake hamsini ambao walikuwa wanachota maji kwenye birika, wanapika kilichopo, wanazika, na wanapanda juu ya ukuta. Natamani msafiri mmoja tu angekuwa ndani wakati ule na kalamu.

Katika msaada huo wa Septemba ilikuwemo merikebu ya vita Santo António de Taná, na Oktoba 1697 ikazama pale pale mbele ya ngome. Ndiyo aliyoisema mjomba. Wapiga mbizi waliichimbua kuanzia 1977 hadi 1980, na vitu vyake vimo ndani ya makumbusho, vyungu, sahani, mizinga. Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani wakaingia. Waliobaki ndani walikuwa kapteni, watu 9 na padri mmoja. Siku 7 baadaye meli za msaada zikatokea upeo wa bahari, zikaangalia juu ya ukuta, zikaona bendera si yao, zikageuka. Hawakushuka. Ngome waliyoijenga waliisoma kutoka majini, kama kawaida, na safari hii ikawaambia neno moja tu. Na hilo neno bendera tumelichukua kwao, kama leso na meza na mvinyo.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ndani ya Fort Jesus ni kipande cha ukuta wenye lipu, kina michoro ya mkaa na udongo mwekundu waliyoichora askari na mabaharia wa Kireno. Haikuchorwa na fundi. Kuna meli, meli nyingi, milingoti imenyooka na kamba zimechorwa moja moja kwa subira, kuna watu, kuna samaki. Ukikaribia sana unaona mahali mkono ulipotetemeka au ulipobonyeza zaidi, na kuna meli ambayo kamba zake ni nyingi kupita kiasi, mchoraji hakutaka kumaliza. Nikaona mtu amekaa kwenye joto la Machi, homa imeanza, anaichora ile meli ambayo angeiona akiwa juu ya buruji kama ingekuwa imekuja. Huyo ndiye msafiri ninayemwamini. Hakuandika hata neno.

Wareno walirudi 1728 wakakaa mwaka mmoja na kidogo, wenyeji wenyewe wakawafukuza 1729, na baada ya hapo ngome ikawa ya Wamazrui, ukoo wenye asili ya Oman, mpaka Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, alipoichukua 1837. Kipindi hiki wasafiri wanakiandika kwa dharau na mimi inaniudhi. Kapteni William Owen wa Uingereza alifika Februari 1824 akakuta juu ya ngome inapepea bendera ya Kiingereza, Wamazrui wameshaipandisha wenyewe kabla hajaombwa, maana walimwogopa Said kuliko mgeni. Maelezo ya msafara wake yanasema kwamba ngome inatisha ukiwa nje, lakini ukishaingia ile sura inapotea, ndani ni magofu na vibanda vimejengwa popote penye nafasi, vimetokana na mawe ya majengo yaliyoanguka, vimeezekwa mikeka. Kwa Mwingereza hiyo ilikuwa aibu ya ngome. Mimi nikisoma naona mtaa. Naona watu wamelala, wanafua, kuku wanapita, mtu amekaa kwenye mlango wa kibanda chake anasuka. Kwa mara ya kwanza ndani ya zile kuta kulikuwa na maisha ya kawaida ya mji, na ile nyumba ya Kiomani iliyojengwa juu ya buruji la San Felipe bado ipo, ina vyumba vya upepo, ukikaa dirishani unaona mlango wa bahari wote. Ulinzi wa Waingereza wenyewe haukufika mbali, 1826 bendera ikashushwa.

Halafu kuna neno gereza, na hapa ndipo wasafiri na babu wanapokutana. Neno hili limetoka kwenye Kireno, igreja, maana yake kanisa. Ndani ya ngome kulikuwa na kanisa, msingi wake bado unaonekana uwanjani, na watu wa pwani waliosikia Wareno wakisema wanakwenda igreja waliona wanaingia kwenye lile jengo kubwa lenye mizinga, basi jengo lote likawa gereza. Kilwa Kisiwani ngome mpaka leo inaitwa Gereza, na Unguja Ngome Kongwe nayo ilikuwa ikiitwa hivyo. Kisha zile ngome zikafanywa jela, Fort Jesus 1895, na ya Lamu ilikuwa jela mpaka miaka ya 80, na neno likahama nazo likabaki huko. Nikiwa mdogo nilidhani babu anaposema "gerezani" anasema jela tu. Alikuwa anasema Ngomeni, na jela, na bila kujua kanisa pia, kwa neno moja.

Nilimuuliza mama siku moja kama babu aliwahi kurudi mle ndani baada ya kutoka. Akaniambia kwamba mwanzo wa miaka ya 60, ngome ilipofunguliwa kuwa makumbusho, yeye akiwa msichana wa shule, aliwahi kumshawishi. "Baba, twende, sasa watu wanaingia na kutoka." Babu akavaa kanzu yake na kofia, wakatoka, lakini walipofika getini akapita moja kwa moja, akateremka na ile njia ya kando kwenda Mapembeni, na mama nyuma yake anakimbia. Maji yalikuwa yamejaa. Akasimama pale chini kwenye mawe, akageuka akautazama ukuta mpaka juu kabisa, halafu akatazama bahari, halafu akanyoosha mkono kama mtu anayepima kutoka hapa mpaka pale. Mama anasema alikaa hivyo muda mrefu mpaka wimbi likamlowesha viatu.

"Kumbe ni karibu hivi," akasema.

Wakarudi nyumbani.